Matengenezo ya nyuma ya pazia: Windows, macOS au Linux?

Saa nane kamili usiku, Windows huanza usafi wake. Mac za miaka ya nyuma zilianza saa tisa na robo. Debian, mojawapo ya mifumo ya familia ya Linux, ikiachiwa ratiba yake ya asili ya cron (programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa), huanza kazi za kila siku saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Waliopanga saa hizi waliwazia kompyuta inayoachwa ikiwaka usiku kucha, na zamani mashine nyingi ziliishi hivyo kweli. Leo kompyuta nyingi ni za mpakato. Ikifika saa nane usiku zimefunikwa, zimo mkobani, na betri imebaki asilimia 40.

Ndiyo maana naona ulinganisho mwingi wa mifumo endeshi huanzia mahali pasipofaa. Wengi huorodhesha kazi zinazofanywa kimyakimya: huu hufuta faili za muda, ule hukagua virusi, wa tatu hupanga diski. Orodha hizo zinakaribiana sana. Tofauti inayomgusa mtumiaji iko kwingine: miadi ikipita kompyuta ikiwa imezimwa, mfumo hufanya nini? Na kazi ikihitaji kompyuta iwashwe upya, nani anaamua saa?

Kazi zenyewe, kwa kifupi

Kuna kazi tano au sita ambazo kila mfumo huzifanya kwa namna yake: kupakua masasisho, kukagua programu hasidi (isipokuwa Linux, ambayo kwa kawaida haifanyi hivyo yenyewe), kujenga faharasa ili utafutaji wa faili uwe wa haraka, kuondoa faili za muda, kupunguza kumbukumbu za matukio zisijaze diski, na kuitunza diski yenyewe. Nitakaa kidogo kwenye hii ya mwisho kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Diski ya SSD, ile isiyo na sahani zinazozunguka, haiwezi kuandika data mpya juu ya ya zamani moja kwa moja. Lazima kwanza ifute bloku nzima, ndipo iandike. Wewe unapofuta faili, mfumo hubadilisha tu daftari lake la majina. Diski haina habari, na huendelea kuhamisha data iliyokufa huku na huko ikidhani bado ina mwenyewe. TRIM ni ile amri inayoiambia diski kwamba nafasi hizi sasa ni tupu. Bila amri hiyo uandishi hupungua kasi na diski huchakaa kabla ya wakati.

Windows hutuma TRIM faili inapofutwa, kisha huirudia kupitia ratiba ya kila wiki, ileile inayokusanya vipande vya faili zilizotawanyika kwenye diski za sahani zinazozunguka. Hutambua yenyewe aina ya diski na kuipa huduma yake, kwa hiyo ile hofu kwamba ratiba hiyo itaiua SSD yako haina msingi. Linux hutumia fstrim.timer, pia mara moja kwa wiki, usiku wa kuamkia Jumatatu. Fedora, Linux nyingine, iliiwasha kwa watumiaji wote kuanzia toleo la 32 mwaka 2020. Arch, nayo ya familia hiyo, inakuachia uiwashe mwenyewe, na wapo wanaokaa miaka bila kujua kwamba haijawahi kufanya kazi. Kwenye Mac, SSD iliyotoka kiwandani hupata TRIM bila wewe kugusa chochote, lakini ukiweka SSD ya SATA ya kampuni nyingine ndani ya Mac ya zamani utahitaji amri ya trimforce, iliyoletwa na OS X 10.10.4 mwaka 2015.

Kazi nyingine zote sitazichambua moja moja. Mifumo yote mitatu inazimudu.

Miadi ikipita

Tuanze na Windows. Hadi Windows 7 kazi hizi zilitawanyika, kila moja na saa yake. Windows 8, mwaka 2012, ikazikusanya chini ya paa moja na kuweka masharti: kompyuta iwe imechomekwa kwenye umeme, na pasiwe na mtu anayeitumia. Kazi hupewa muda usiozidi dakika 60 kwa awamu. Ukigusa kibodi, husimama na kukupisha. Ukiondoka, huendelea. Ikiwa saa nane usiku kompyuta ilikuwa imelala, iko kwenye betri au ina shughuli, mfumo husubiri nafasi nyingine ya utulivu, na kila kazi ina tarehe yake ya mwisho ambayo ikipita mfumo hukazana zaidi.

Kwenye kompyuta ya mezani mpango huu ni mzuri sana. Tatizo liko kwa mtu wa mpakato ambaye hufunua, hufanya kazi, hufunika papo hapo, na huchaji wakati kompyuta imelala. Kwake ile nafasi ya “umeme upo na mtu hayupo” haitokei kamwe. Kazi huahirishwa leo, kesho, keshokutwa, na ngojangoja huumiza matumbo: siku moja ukaguzi wa virusi, uchakataji wa masasisho na faharasa hugongana saa moja, katikati ya kazi yako. Mtu huyo hulalamika kwamba Windows ni nzito. Windows ilikuwa ikingoja mlangoni wiki tatu nzima.

Dawa yake ni rahisi. Mara moja au mbili kwa wiki, iache kompyuta wazi, imechomekwa, uende zako kwa saa nzima. Unaweza pia kuanzisha matengenezo kwa mkono kutoka sehemu ya usalama na matengenezo ndani ya Paneli Dhibiti, au kuhamisha ile saa nane usiku kwenye saa inayolingana na maisha yako. Hapohapo kuna kisanduku kinachoruhusu kompyuta iamshwe ili ifanye kazi. Kwa ya mezani kiwashe, lakini kwa mpakato unaoingia mkobani kiache.

macOS ilipitia njia nyingine. Mac OS X ya mwanzo ilirithi cron kutoka Unix, mfumo endeshi wa zamani, na cron ina tabia moja ngumu: miadi ikipita imepita. Mac iliyolala saa tisa na robo usiku ilikosa usafi wa siku hiyo, na kesho yake, na mtondo. Zikazaliwa programu ndogo ambazo kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe kwa ajili ya mwenye Mac. Mwaka 2005 toleo la Mac OS X liitwalo Tiger lilileta launchd, msimamizi mpya wa kazi, na sheria ikabadilika: kazi iliyokosa saa yake kwa sababu kompyuta ililala hufanyika ikiamka, na hata kama ilikosa mara kumi, hufanyika mara moja tu badala ya mara kumi mfululizo. Ni busara ndogo yenye faida kubwa.

Baadaye Apple iliendelea mbele zaidi ya saa. Kazi nyingi za nyuma ya pazia kwenye Mac ya leo hazina saa maalumu. Mfumo hupima hali ya betri, joto, mtandao na matumizi yako, kisha huamua. Tangu 2012 kulikuwa pia na Power Nap, iliyowezesha Mac iliyolala lakini imechomekwa kupakua masasisho na kuweka nakala za Time Machine. Na tangu chipu ya M1 mwaka 2020 kuna jambo ambalo kwangu ndilo tofauti kubwa kuliko zote katika ulinganisho huu: prosesa ina viini vya aina mbili, vinne vya nguvu na vinne vya kubana matumizi kwenye ile M1 ya kwanza, na kazi zenye daraja la chini huwekwa kwenye viini vidogo peke yake. Time Machine inaweza kuwa inanakili, Spotlight, utafutaji wa Mac, inajenga faharasa, na wewe unahariri video bila kuhisi lolote. Mwenye mpakato asiyetaka kufikiria haya mambo hana mahali pazuri zaidi.

Bei ya starehe hiyo ni kwamba huoni kinachoendelea. Baada ya sasisho kubwa, Mac inaweza kujenga upya faharasa na kuchambua picha kwa muda mrefu. Utaona majina kama mds na photoanalysisd yakiongoza orodha ya shughuli, na hakuna kitufe cha kusema “fanyeni usiku”. Unasubiri tu. Kwa watu wengi si neno, lakini anayependa kujua kila kitu kilichomo ndani ya mashine yake itamkera.

Linux ndiyo iliyobeba historia yote hii hadharani. Cron ilikuwamo ndani ya Unix toleo la 7 mwaka 1979, na bado imo. Udhaifu wake wa kuruka miadi ulizibwa kwanza na anacron, ambayo huhesabu siku badala ya saa: inajua kazi hii inatakiwa kila siku saba, inaangalia ilifanyika lini mara ya mwisho, na kama siku zimepita inaifanya kompyuta ikishawaka. Kisha ikaja systemd, msimamizi wa huduma za Linux, na vipima muda vyake. Mstari mmoja, Persistent=true, unatosha kuhakikisha kazi iliyokosa saa yake inalipwa mashine ikiwashwa. Mstari mwingine, RandomizedDelaySec, huchelewesha kwa muda wa kubahatisha ili mashine elfu nyingi zisiigonge seva moja ya masasisho kwa dakika moja. Ubuntu hutumia ucheleweshaji huo kutafuta masasisho, na unaweza kufika saa 12.

Kinachonipendeza zaidi ni uwazi. Andika systemctl list-timers kwenye terminali na utaona kila kazi iliyo chini ya vipima muda hivyo, ilifanyika lini mwisho, itafanyika lini tena. Kwangu, hakuna mfumo mwingine kati ya hii mitatu unaokupa ukurasa mwepesi kusomeka namna hiyo. Unataka kubadilisha saa? Ni faili ya maandishi ya mistari michache.

Lakini uwazi huo unakuja na wajibu. Linux ni familia, na kila ndugu ana desturi zake. Ubuntu husakinisha masasisho ya usalama yenyewe kupitia unattended-upgrades. Fedora ina dnf-automatic, ambayo ukitaka unaiweka na kuipangia wewe. Arch haikufanyii lolote usiloomba. Anayesema “Linux hujitunza yenyewe” na anayesema “Linux haijitunzi” wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa Linux yake. Mgeni pia hukutana mapema na lile kosa la kufuli ya dpkg, chombo cha kusakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu: anataka kusakinisha programu, anaambiwa faili imefungwa na mchakato mwingine. Mara nyingi ni kazi ya nyuma ya pazia inasasisha. Ingoje imalize, na usiifute ile faili ya kufuli hata kama kuna aliyekushauri hivyo. Kukatiza usakinishaji katikati ndiko kunakovunja mfumo.

Nani anawasha upya?

Hapa hisia za watu huwaka, na wana haki.

Windows hufunga masasisho yake kwa mzunguko wa mwezi, Jumanne ya pili, desturi iliyoanza 2003. Yakishasakinishwa yanataka kompyuta iwashwe upya, na usipoiwasha itajiwasha yenyewe. Malalamiko yalikuwa mengi hadi mwaka 2016 Windows 10 ikaweka saa za kazi: unautajia mfumo muda unaotumia kompyuta, nao haujiwashi upya ndani ya muda huo. Leo muda huo unaweza kufika saa 18. Unaweza pia kusimamisha masasisho kwa siku 35. Ukipanga vitu hivi viwili vizuri, kero inapungua sana, lakini ni lazima uvipange. Anayeacha hesabu ndefu au kazi ya kuchora video ikiendelea usiku kucha asitegemee bahati.

macOS huelekea zaidi kuomba. Hukukumbusha, hukupa nafasi ya kuahirisha hadi usiku, na ukikubali hufanya. Linux haijiwashi upya kamwe isipokuwa umeiamuru. Ubuntu huacha alama, faili iitwayo reboot-required ndani ya /var/run, na kazi ya kuiona ni yako.

Wengi husikia hivyo na kudhani Linux imeshinda. Mimi nasita. Keneli, yaani kiini cha mfumo, iliyosasishwa kwenye diski hailindi chochote hadi mashine iwashwe upya, kwa sababu inayoendelea kufanya kazi kwenye kumbukumbu bado ni ile ya zamani yenye tundu. Seva iliyosimama siku 400 bila kuzimwa, ambayo mwenyewe hujivunia, mara nyingi ni seva yenye matundu ya siku 400, labda iwe na huduma ya kubandika viraka kwenye keneli inayoendelea kufanya kazi. Windows ni msumbufu kwa sababu inajua kwamba bila usumbufu wengi hawatawasha upya. Kwa mtu asiyefuatilia, usumbufu huo una thamani.

Njia iliyonishawishi kuliko zote haimo kwenye mifumo hii mitatu. ChromeOS, mfumo wa Google wa kompyuta za Chromebook, huweka nakala mbili za mfumo kwenye diski. Sasisho huandikwa kwenye nakala isiyotumika wakati wewe unaendelea, na kuwasha upya ni kuhama tu kutoka nakala moja kwenda nyingine, bila ile skrini ya kusubiri asilimia. Nakala mpya ikikataa kuwaka, kompyuta hurudi kwenye ya zamani. Kama kazi yako yote iko kwenye kivinjari, unaweza kuacha kusoma hapa.

Betri na bando

Kuhusu betri hakuna tofauti kubwa ya kukufanya uhame. Windows na Ubuntu zote hungoja umeme kabla ya kazi nzito, na Mac hupunguza kasi.

Data ni habari nyingine, hasa ukitumia simu kama chanzo cha mtandao. Windows ina alama ya mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Iweke kwa kila mtandao husika, maana mfumo hauwezi kukisia kila mara. macOS ina hali ya data kidogo kwa kila Wi-Fi. Ubuntu, ukishautia mtandao alama hiyohiyo, huahirisha masasisho ya usalama, lakini kumbuka programu za snap, yaani vifurushi vya Ubuntu vinavyojisasisha vyenyewe, zina ratiba yake tofauti ya mara nne kwa siku. Amri snap refresh --hold huzisimamisha. Ukisahau hili, utashangaa bando limekwenda wapi.

Kuzima kila kitu

Kuna chaguo la nne ambalo watu hulichagua bila kulitaja: kuzima matengenezo yote na kununua programu ya kusafisha. Nilikalia kompyuta ya mwenzangu aliyefanya hivyo kwa kufuata ushauri aliosoma mahali. Alizima masasisho, ratiba ya diski na faharasa, vyote, ili “iwe nyepesi”. Wiki za mwanzo ilikuwa nyepesi kweli. Nilipoikuta, kuhifadhi faili ya kawaida kulichukua sekunde kadhaa, utafutaji ulipekua folda moja baada ya nyingine, na kinga ya virusi ilikuwa na taarifa za miezi mingi iliyopita. Tuliirudishia ratiba zake, tukaendesha TRIM kwa mkono, tukaiacha imechomekwa usiku mmoja. Asubuhi ilikuwa kompyuta nyingine.

Hizo programu za kusafisha nyingi hufuta kache, nakala za muda zinazoharakisha kazi, na kache hujengwa upya siku inayofuata kwa gharama ya muda wako. Zinazodai kusafisha rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake, ni za kuepuka kabisa, kwani Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake. Kama tatizo lako ni nafasi, Storage Sense iliyokuja 2017 inatosha kwenye Windows, na kwenye Mac kuna mpangilio wa kuondoa vitu kwenye pipa baada ya siku 30. Linux hukata kumbukumbu za matukio, zinazotunzwa na journald, zenyewe zikifika asilimia 10 ya diski au GB 4, kutegemea kipi kinafikiwa kwanza.

Sasa uchague

Kama kompyuta yako ni ya mezani, imechomekwa daima, na wewe si mtu wa kufuatilia, Windows itakutunza vizuri. Panga saa za kazi siku ya kwanza na uiache ilale badala ya kuizima kabisa.

Kama ni mpakato unaofunuliwa na kufunikwa mara ishirini kwa siku, na hutaki hata kujua TRIM ni nini, chukua Mac yenye chipu ya Apple. Nimeshasema kwa nini. Mwenye mpakato wa Windows asiuze mashine yake kwa sababu hii. Ile saa moja ya kuiacha wazi kwenye umeme inafuta pengo karibu lote.

Kama unaendesha seva, au mashine inayofanya hesabu ndefu isiyotakiwa kukatizwa, Linux haina mpinzani, mradi ujiwekee siku yako ya kuwasha upya kila mwezi na uishike. Chagua Debian au Ubuntu kuliko Arch ikiwa hutaki kuwasha kila ratiba kwa mkono. Seva yenye diski kadhaa zilizounganishwa kwa mdadm hupata ziada: Debian hukagua uzima wa diski hizo yenyewe Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Na kama tayari unatumia Linux na hujawahi kuangalia, fungua terminali sasa hivi, andika systemctl list-timers, utafute mstari wa fstrim. Ukiwa haupo, na diski yako ni SSD, amri ni sudo systemctl enable --now fstrim.timer.